KAZI ILIYOTOSHA NA KAZI INAYOTUCHOSHA



Mara nyingi karatasi hii inazungumza juu ya maji, chanjo, mgao wa chakula na kuandikisha watoto shuleni. Leo tunazungumza juu ya jambo lisilo na dawa katika kabati ya kituo cha afya, nalo linawakosesha watu wengi usingizi. Ni ile tabia ya kutaka kila kitu kiwe kamili, bila doa na bila kosa hata moja, na kujiadhibu mwenyewe kila kinapokosa kuwa hivyo.

Najua wengine watacheka. Watasema: mambo hayo ni ya watu wenye ofisi na viti vya kuzunguka, mkimbizi anayelala chini ya shitingi ukamilifu ataupata wapi? Lakini sisi wahamasishaji tunaopita nyumba kwa nyumba, hapa Bujumbura katika Buyenzi, Bwiza na Kinama, na wenzetu walioko Bwagiriza, Kavumu, Musasa, Nyankanda na Musenyi, tunaona kinyume chake. Mtu aliyeacha shamba, nyumba na ng'ombe ng'ambo ya Rusizi, mara nyingi anakishika kwa nguvu zote kile kimoja kilichobaki mkononi mwake. Kama ni cherehani, basi hakuna mshono utakaopinda. Kama ni watoto, basi hakuna mtoto atakayeonekana na vumbi. Anajiambia moyoni: nimepoteza vyote, hiki sitakiharibu. Na hapo ndipo mzigo unapoanza kuwa mzito kuliko mwenye kuubeba.

JE, NI KOSA KUPENDA KAZI SAFI?

Hapana. Fundi anayependa kazi safi anapata wateja, na mwalimu anayetayarisha somo lake anaheshimiwa. Hatusemi watu wawe wazembe.

Tofauti iko hapa. Anayependa kazi safi akimaliza anafurahi, anapangusa mikono, anakula, analala. Mwenye ugonjwa wa ukamilifu akimaliza hafurahi. Macho yake yanakwenda moja kwa moja kwenye mshono mmoja uliopinda, na ile mishono mia iliyonyooka haioni. Anafumua, anaanza tena. Mwingine hata haanzi: barua ya maombi ya kazi iko kichwani tangu mwezi uliopita, lakini anangoja apate maneno mazuri zaidi, hadi tarehe ya mwisho inapita. Watu wanamwita mvivu, kumbe si uvivu, ni woga.

Katika mwili, woga huo unafanya kazi ileile inayofanywa na woga wa risasi. Moyo unakwenda mbio, misuli ya shingo na mabega inakaza, tumbo linavurugika, usingizi unakatika saa nane za usiku na hauirudii kichwa tena. Mwili haujui kutofautisha adui mwenye bunduki na daftari lenye kosa. Ukikaa katika hali hiyo siku moja, hakuna neno. Ukikaa miezi, unachoka hata kabla ya kuamka, unakuwa mkali kwa watoto, na kazi yenyewe unayoipenda inaharibika.

Wataalamu wawili wa Kanada, Paul Hewitt na Gordon Flett, waliandika mwaka 1991 kwamba tabia hii ina sura tatu. Kuna anayejidai yeye mwenyewe ukamilifu. Kuna anayewadai wengine: baba ambaye mtoto akileta alama 80 anauliza 20 zimekwenda wapi. Na kuna anayeamini kwamba watu wote wanamdai yeye, wanamtazama, wanangoja akosee. Hii ya tatu, kwa maoni yangu, ndiyo iliyojaa kwetu. Mkimbizi mjini anasema: nikichelewa kazini siku moja hawatasema fulani amechelewa, watasema Wakongomani ndivyo walivyo. Kwa hiyo anabeba jina la watu wote begani mwake, kila siku, hata anaponunua sabuni. Maneno hayo hatukuyazua sisi wenyewe, yapo kweli. Lakini hakuna mtu mmoja anayeweza kusafisha jina la maelfu kwa kutokosea kamwe. Na jirani anayetafuta kosa atalipata tu, hata ukilala kazini.

MADAFTARI MAZURI, NYUMBA ZISIZOTEMBELEWA

Niseme juu ya kazi yetu wenyewe kwanza, ili msione kwamba tunawanyooshea ninyi vidole.

Mhamasishaji anapewa nyumba za kutembelea, tuseme 20 kwa juma. Anatakiwa kuuliza: nani ana homa, nani anaharisha, mama gani ana mimba, mtoto gani ameacha shule. Anaandika katika daftari. Sasa mfikirie mhamasishaji anayetaka daftari lake liwe kama kitabu kilichochapwa. Anaandika kwa kalamu ya risasi, usiku anawasha tochi na kunakili kwa bluu, akikosea neno anachana karatasi na kuanza ukurasa upya. Juma linakwisha ametembelea nyumba saba. Daftari linang'aa. Lakini katika nyumba ya kumi na mbili kuna mtoto ambaye macho yamezama na ngozi ya tumbo ukiivuta hairudi haraka, na hakuna aliyejua.

Msimamizi hakuomba daftari zuri. Aliomba kujua kuna nini katika nyumba 20. Mwandiko mbaya katika mistari 20 unaokoa watu kuliko mwandiko mzuri katika mistari saba. Ndiyo maana kabla ya kuanza kazi yoyote yafaa kujiuliza: anayeipokea kazi hii ataitumia kufanya nini? Na kama hujui, mwulize. Mara nyingi jibu lake ni dogo kuliko mzigo uliojitwika.

GOMA 1994 NA NAMBA 15

Wazee wetu wanakumbuka Goma. Julai 1994, kwa siku chache tu, watu kati ya 500,000 na 800,000 walivuka kutoka Rwanda wakaingia Kivu ya Kaskazini. Pale chini ni mawe ya volkano. Kuchimba choo ni kazi ngumu sana. Maji safi hayakuwepo ya kutosha. Kipindupindu kikaingia, kikafuatwa na kuhara damu, na katika mwezi wa kwanza karibu watu 50,000 walikufa. Mashirika mengi yalikuwepo. Baadhi yalifanya kazi nzuri sana, mengine yalifika bila kujua la kufanya, na kila moja lilikuwa na kipimo chake.

Baada ya msiba ule uchunguzi mkubwa ulifanywa, ukatolewa mwaka 1996, na mwaka 1997 mashirika yakaanza mradi unaoitwa Sphere ili kuandika viwango vya chini kabisa ambavyo kila mtu aliyepatwa na maafa anastahili. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 2000. Humo ndimo zilimotoka namba ambazo mnawasikia wafanyakazi wakizitaja: lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, mita za mraba 3.5 chini ya paa kwa kila mtu, choo kimoja kwa watu 20, na katika dharura ya kwanza kwa watu 50.

Kwa nini nayataja haya katika habari ya ukamilifu? Kwa sababu watu waliopitia Goma hawakuandika: kila kambi iwe na bomba ndani ya kila nyumba. Wangeandika hivyo, kitabu kingekuwa kizuri na watu wangeendelea kufa. Waliandika kiwango cha chini, yaani sakafu, ili kwanza wote wafike hapo. Hata yale masharti ya choo yana hatua mbili: 50 leo, 20 baadaye. Hii ni akili ambayo sisi pia tunaweza kuitumia nyumbani na kazini. Kabla ya kushika jembe, sindano au kalamu, amua sakafu yako ni ipi. Fikisha kazi yote hapo. Ikibaki nguvu, pamba.

Lakini tusikosane hapa. Sakafu ni kitu cha kuudai, siyo kisingizio cha kuwapunja watu. Kama bomba la mtaa wenu linatoa lita saba kwa mtu, hamjapata iliyotosha, na yafaa kamati ya maji iseme hivyo kwa sauti, na kwa namba. Kujipunguzia masharti juu ya nafsi yako si kunyamaza juu ya haki yako. Mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2025, baadhi ya akina mama walijilaumu kwamba hawajui kupika kwa kubana. Mama, sufuria ikiwa nusu kwa sababu mgao ni nusu, kosa si la mwiko wako.

KWA AKINA MAMA

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, watoto wengi wa London waliondolewa mjini kwa sababu ya mabomu, wakapelekwa vijijini kukaa na watu wasiowajua. Daktari mmoja wa watoto, Donald Winnicott, alifanya kazi na watoto hao. Miaka ya baadaye, mwaka 1953, aliandika neno ambalo limebaki mpaka leo: mama aliye mwema kiasi cha kutosha. Alisema mama huanza kwa kumjibu mtoto mchanga karibu kila haja yake, halafu kadiri mtoto anavyokua anapunguza kidogo kidogo, na katika kupungua huko ndimo mtoto anamojifunza kwamba dunia haimjibu mara moja, na kwamba anaweza kungoja. Kwa hiyo mama asiyekosea kamwe, hata kama angekuwepo, asingemsaidia mtoto kukua.

Mtoto mwenye vumbi magotini saa kumi jioni ni mtoto aliyecheza. Bidoni moja ya maji haitoshi kuwasafisha watoto watano mara tatu kwa siku. Mikono kabla ya kula na baada ya choo ndiyo ya kwanza. Tazameni kandagira ukarabe: kidumu kidogo, kamba, kijiti cha kukanyaga na kipande cha sabuni. Si kizuri kwa macho, lakini kinaosha mikono. Aliyengoja kupata sinki bado anangoja.

MAHOJIANO: MAHALI TUNAPOUMIA ZAIDI

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hakuna jambo ambalo kutaka ukamilifu kunawatesa wakimbizi kama mahojiano ya ofisi, yawe ya kupewa hadhi ya ukimbizi au ya kupelekwa nchi ya tatu.

Tarehe ikitolewa, nyumba nzima inageuka shule. Baba anawakalisha mama na watoto usiku, anawauliza: tulitoka siku gani? Saa ngapi? Askari walikuwa wangapi? Walivaa nini? Mtoto wa miaka tisa akisema watano na dada yake akisema wanane, baba anapiga meza. Wanarudia mpaka wote waseme sita. Usingizi hakuna, chakula hakipiti. Wengine wanakwenda kwa watu wa mjini wanaouza hadithi zilizoandikwa tayari, kwa sababu wamesikia kwamba tarehe moja ikikosewa faili linatupwa.

Tuseme ukweli wote. Ni kweli kwamba mtu akisema mambo yanayopingana katika kiini cha habari yake, anaweza kupata matatizo. Hatutawaficha hilo. Lakini kitabu cha mwongozo cha HCR juu ya kuchunguza nani ni mkimbizi, kilichotolewa kwanza mwaka 1979, kinaeleza mambo mawili yanayofaa kujulikana. La kwanza: anayeomba ndiye anayetoa habari yake, lakini kazi ya kutafuta na kupima ukweli ni ya wote wawili, yeye na anayemhoji. La pili: mkimbizi hawezi kuthibitisha kila sehemu ya maisha yake, maana aliyekimbia usiku hakubeba hati. Kwa hiyo, akiwa amejitahidi kueleza, na habari yake kwa jumla inashikamana na inaaminika, anatakiwa apewe nafasi ya kuaminiwa pale penye shaka.

Halafu kuna habari ya kumbukumbu yenyewe. Mwaka 2002 watafiti huko Uingereza walichapisha uchunguzi wao juu ya wakimbizi 39, kutoka Kosovo 27 na Bosnia 12. Watu hao walikuwa tayari wamepewa ruhusa ya kukaa, hawakuwa na sababu ya kudanganya. Waliulizwa juu ya mambo yaliyowapata, na baada ya muda wakaulizwa tena yaleyale. Habari zao za mara ya pili hazikulingana sawasawa na za kwanza, na tofauti zilikuwa nyingi zaidi katika mambo ya pembeni kuliko katika kiini. Ndivyo kichwa cha binadamu kilivyo. Mtu aliyetazama mtutu wa bunduki anaukumbuka mtutu. Rangi ya kofia haikumhusu. Mtoto wa miaka tisa na dada yake hawakuona kitu kimoja, kwa sababu mmoja alikuwa mgongoni na mwingine alikuwa anakimbia.

Kwa hiyo mkiitwa, mseme mnachokumbuka. Usipokumbuka tarehe, usiibuni. Sema: sikumbuki tarehe, lakini mvua zilikuwa zimeanza, tulikuwa hatujamaliza kupalilia, na mtoto wangu wa tatu alikuwa bado ananyonya. Hilo ni jibu zito, na ni lako. Ukitambua katikati kwamba ulisema vibaya, sahihisha palepale: samahani, nilisema Machi, ilikuwa baada ya hapo. Kusahihisha si kukiri uongo. Usipomwelewa mkalimani, sema mwanzoni, usingoje mwisho. Ukitaka maji au kupumzika kidogo, omba. Ikisomwa taarifa yako, isikilize.

Na hadithi ya kununua ina ubaya mmoja ambao muuzaji hausemi. Habari yako ya kweli ina mashimo, lakini unaweza kuizungukia usiku na mchana bila kupotea, maana uliipitia kwa miguu yako. Ile ya kununua lazima uitunze ikiwa kamili maisha yako yote, wewe, mkeo na watoto. Pamoja na hayo, huduma za HCR hazilipiwi. Anayekuomba fedha ili faili lako liende mbele anakuibia.

Baba anayewakalisha watoto usiku, tafadhali waache walale.

VITU VISIVYOTAKA KUKADIRIA

Sasa msiondoke hapa mkisema karatasi imetuambia tufanye ovyo ovyo. Kuna kazi chache ambazo kipimo ni kipimo. Kuzijua ni nusu ya kupumzika, kwa sababu ukijua zile zinazotaka uangalifu wote, unaweza kulegeza mkono katika zile nyingine.

Maji ya chumvi na sukari kwa anayeharisha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo vya chai sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi kilichosawazishwa. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto. Kama una pakiti ya ORS, imwage yote katika kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, usiigawanye kwa kuangalia kwa macho. Dawa ya kutakasa maji: fuata idadi iliyoandikwa, maana vidonge si vya aina moja, na ungoje nusu saa kabla ya kunywa. Dawa za hospitali: maliza siku zote ulizoandikiwa. Kadi ya chanjo, jina na tarehe ya kuzaliwa katika cheti cha mtoto: soma mara mbili kabla ya kuondoka dirishani, kwa sababu kosa la herufi moja linaweza kumfuata mtoto mpaka mtihani wa taifa.

Mimi naona orodha ya nyumba nyingi haizidi mambo kama hayo. Kushona pazia, kufagia kiwanja, kutayarisha chai ya mgeni na kuandika ripoti ya kamati hayamo.

WANAFUNZI

Kwa ninyi mnaojiandaa kwa mtihani wa taifa wa Kongo nitasema maneno machache tu. Anayepata 50 kwa mia amepata diploma. Najua kuna wanaotafuta msaada wa masomo ya chuo kikuu, na kwa hao alama za juu zina faida. Lakini mwanafunzi anayekesha akirudia somo alilokwisha kulijua, kwa sababu anataka 100, huku hesabu hajaigusa kwa sababu anaiogopa, anapoteza pande zote mbili. Wahenga walisema mtaka yote hukosa yote. Fungua daftari la hesabu kwanza, dakika 20, hata ukikosa maswali yote.

WANAWAKE WA RHINO CAMP

Huko Uganda kaskazini, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, palifanyika jambo ambalo linatupa moyo. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetengeneza mafunzo ya kupunguza msongo wa mawazo, kwa watu wengi kwa pamoja, bila kuhitaji daktari wa akili. Wanawake 694 kutoka Sudan Kusini, wa vijiji 14 vya makazi hayo, waliingia katika uchunguzi. Vijiji vingine vilipata mafunzo, vingine vilipata msaada wa kawaida tu. Mafunzo yenyewe yalikuwa vikao vitano. Wanawake walikaa kwa makundi, wakasikiliza maelezo yaliyorekodiwa katika Kiarabu cha Juba, pamoja na kijitabu cha picha kwa wasiojua kusoma. Matokeo yalitolewa mwaka 2020: miezi mitatu baada ya mafunzo, waliofundishwa walikuwa na dhiki ya moyo ndogo kuliko wenzao.

Mafunzo hayo hayakuwa juu ya ukamilifu peke yake. Wale wanawake walikuwa na vita nyuma yao. Lakini mambo waliyofundishwa yanatufaa, na hayahitaji fedha.

Mojawapo ni kujituliza mahali ulipo. Mawazo yakikuzoa kama mafuriko, usipigane nayo. Kanyaga ardhi kwa nyayo zote mbili, vuta pumzi polepole, itoe polepole zaidi. Tazama vitu vilivyo mbele yako na uvitaje kimoyomoyo: bidoni ya njano, kuku, mtoto wa jirani. Sikiliza sauti. Mawazo hayatakwisha, lakini utakuwa umerudi mahali ulipo, na unaweza kuendelea na kazi ya mkono.

Jingine ni kulitaja wazo kwa jina lake. Badala ya kusema mimi ni mama mbaya, sema: ninalo hapa wazo linaloniambia kwamba mimi ni mama mbaya. Inaonekana kama mchezo wa maneno, nami mwanzoni nilipofundishwa nilidhani hivyo. Lakini jaribuni. Wazo likishatajwa linakuwa kama mgeni aliyekaa mlangoni. Unaweza kumwacha akae huku ukiendelea kupepeta mchele.

Kuna pia kujisemea kwa wema. Jirani akija akilia kwamba ameunguza ugali, hutamwambia wewe hufai kitu. Utamwambia pole, dada, moto wa makaa ndivyo ulivyo. Maneno hayohayo jiambie wewe. Na kuna kuchagua jambo moja dogo lenye maana kwako, la juma hili, kulifanya hata kama hofu bado ipo: kumtembelea mgonjwa, kupanda mchicha nyuma ya nyumba, kumaliza barua ile na kuipeleka kama ilivyo.

Mimi ningeongeza la kwetu: wekeni mwisho wa kazi. Fundi mmoja wa Buyenzi aliniambia yeye hutazama kivuli cha paa. Kivuli kikifika kwenye mguu wa meza, nguo inayobaki ni ya kesho, hata kama umebaki mkono mmoja. Wateja wake wamezoea. Anasema siku za mwanzo mikono ilimwasha usiku kutaka kurudi kwenye mashine, na baada ya majuma mawili ikaacha.

WAKATI WA KUTAFUTA MSAADA

Yapo mawazo ambayo hayapungui kwa kupumua na kutazama kuku. Kama hujalala vizuri kwa majuma mawili, kama unarudia jambo moja mara nyingi hadi huwezi kutoka nyumbani, kama chakula hakina ladha na watu wako unawakimbia, nenda kituo cha afya useme hivyo waziwazi, au mwambie mhamasishaji wa mtaa wenu akusindikize. Si wazimu na si aibu. Na kama mawazo yamefika mahali pa kutaka kujidhuru, usingoje siku ya zamu: mwambie mtu aliye karibu leo hii, na asikuache peke yako.

Mwenye kusoma karatasi hii akiwa na jirani asiyejua kusoma, amsomee sehemu ya kipimo cha chumvi na sukari, na sehemu ya mahojiano. Zile nyingine akichoka aziache.